Ziara binafsi ya siku moja Mombasa: pesa yako inanunua nini hasa?

Julai 2024 magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Watamu, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tangu hapo, kila likizo ikikaribia, simu zetu hapa Mombasa hujaa mabango ya aina moja: ngome ya Fort Jesus, Mji wa Kale na Gede, ziara binafsi ya kuongozwa, siku moja, kila kitu ndani. Watu huyatuma kwenye magrupu ya familia, kisha huanza kuulizana. Mbona huyu anataka mara tatu ya yule, na safari ni ile ile? Binafsi maana yake ngome itafungwa tuingie sisi tu? Tumeambiwa kila kitu ndani, halafu langoni tunadaiwa tena; ni wizi au ndivyo ilivyo? Na wazee wetu nao wana lao: hayo si mambo ya wazungu?

Maswali haya yana majibu, tena si magumu. Kinachotatiza ni kwamba bango moja limefunga pamoja vitu vinne au vitano tofauti, na asiyeviona kimoja kimoja hawezi kujua analipia nini. Tuvifungue.

Gari, dereva, mwongozaji

Ziara binafsi ni safari ambayo gari na mwongozaji ni vyenu peke yenu kwa siku ile. Ni kama kukodi tuktuk badala ya kupanda matatu: hakuna abiria wengine wa kusubiriwa, mnaamua wenyewe mtoke saa ngapi na msimame wapi, lakini barabara inabaki ya watu wote. Ngome haifungwi kwa ajili yenu. Mkienda siku ya shule mtakuta watoto wamejipanga langoni na walimu wao, mtapita pamoja kwenye ngazi zile zile, na mtangoja zamu ya kupiga picha kwenye mizinga. Kilicho chenu ni muda na mtu wa kuwaeleza.

Ya siku moja ni hivyo hivyo: mnatoka asubuhi, mnarudi jioni, hakuna malazi. Ya kuongozwa ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu wengi hudhani dereva ndiye mwongozaji. Dereva mzuri anajua barabara, anajua wapi pana kivuli cha kuegesha na wapi pana mahamri ya moto. Hiyo ni kazi kubwa na tuiheshimu. Lakini kueleza jengo la zaidi ya miaka 400 ni kazi nyingine. Wapo wachache wanaofanya zote mbili vizuri. Walio wengi watawafikisha, waseme "hii ndiyo ngome, tutaonana saa sita", na hapo mtakuwa mmelipia ziara ya kuongozwa mkapata usafiri.

Kwa hiyo kuna watu watatu nyuma ya bango moja: aliyeandaa safari na kupokea pesa, anayeendesha, na anayeeleza. Wakati mwingine ni mtu mmoja, wakati mwingine ni watu watatu wasiojuana. Ulizeni mapema, kwa maandishi, nani atakayeeleza na ataanzia wapi. Anayejibu "mtapata mtu hukohuko langoni" hajakosea, mradi aseme wazi kama malipo ya mtu huyo yamo ndani ya bei au ni juu yenu.

Nchini Kenya kampuni za ziara na waongozaji wanatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka inayodhibiti utalii, TRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Kando ya leseni, chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, hutahini wanachama wake na kuwapa beji za shaba, fedha na dhahabu. Leseni inathibitisha kwamba mtu anafanya kazi kihalali, na beji inaonyesha alipimwa akafaulu. Kuomba kuviona si dharau. Mwongozaji wa kweli huvitoa kabla hujamaliza kuuliza, maana amevihangaikia.

Kwa nini bei hazifanani

Gari na mwongozaji hulipiwa kwa kundi, ilhali kiingilio na chakula hulipiwa kwa kichwa. Ukikumbuka hilo, nusu ya mshangao inaisha. Tuseme, kwa hesabu tu, gari na mwongozaji vimefika shilingi 15,000. Mkiwa watatu, kila mmoja anabeba 5,000. Mkiwa sita, 2,500. Njia ni ile ile, dereva ni yule yule, bei ya mtu mmoja imeshuka nusu. Anayetangaza "kuanzia" bei fulani kwa mtu mara nyingi amehesabu gari lililojaa. Mkienda wawili msitegemee bei hiyo.

Kiingilio kina mambo yake. Fort Jesus, Gede, Jumba la Mtwana na Mnarani vyote vinasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, lakini kila mahali kuna tiketi yake. Bei hutofautiana pia kwa uraia: Mkenya hulipa kidogo, mkazi wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, na mgeni kutoka mbali hulipa zaidi ya wote. Watoto nao wana bei yao. Hapa ndipo familia zetu za Pwani hukwama, kwa kuwa hazina sura moja. Shangazi amekuja na pasipoti ya Kanada, shemeji ni Mjerumani, binamu ametoka Tanga, na nyanya amesahau kitambulisho nyumbani Majengo. Mwandalizi aliyewahesabu wote kama Wakenya atadai nyongeza langoni, na aliyewahesabu wote kama wageni atabaki na pesa yenu. Mpeni orodha ya watu na uraia wao kabla hamjakubaliana bei, na kila mtu abebe kitambulisho. Na kwa kuwa malipo ya taasisi za serikali sasa hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, hakikisheni kuna mtu mwenye simu yenye chaji na salio.

Kuhusu wazee wanaosema ni mambo ya wazungu: bei ya Mkenya iliwekwa chini makusudi ili sisi tuingie. Inaniuma kila ninapokutana na mtu mzima aliyezaliwa Kibokoni au Kuze, akalelewa kwenye kivuli cha ngome ile, ambaye hajawahi kuvuka lango lake. Watoto wake wanalijua kwa picha za vitabuni tu.

Ngome inavyosomwa

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe, kwa sababu ni hapa unapojua kama mwongozaji anastahili pesa yake.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Walioweka amri ni wafalme wa Ulaya, lakini jabali ni letu: ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe yake ni ya matumbawe. Ukiitazama kutoka juu, kwenye ramani, pembe zake zinachomoza nje. Watu husema inafanana na mtu aliyelala chali, na waongozaji wengi huishia hapo. Sababu ya umbo hilo ni mizinga. Ukuta ulionyooka una sehemu ambayo mlinzi aliye juu hawezi kuiona: pale chini kabisa, mguuni mwake. Adui akifika hapo yuko salama. Pembe zikichomoza, mlinzi wa pembe hii anaona mguu wa ukuta wa pembe ile, na mwenzake vivyo hivyo, hivyo hakuna mahali pa kujificha. Mwambie mwongozaji akusimamishe kwenye pembe moja na uangalie ukuta wa pili. Dakika mbili tu, utaelewa jengo zima.

Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno ya 1635. Maelfu hupita chini yake bila kuinua macho. Ni majigambo ya nahodha aliyekuja kurudisha mamlaka ya Ureno baada ya jambo kubwa lililotokea hapa miaka minne kabla. Mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliwageukia walezi wake, akamuua nahodha wa ngome na kuiteka. Mwaka uliofuata alikuwa ameondoka, na Wareno wakarudi. Ile ndiyo hadithi iliyo nyuma ya maandishi yale, na mwongozaji asiyeyaonyesha amewapitisha mlangoni bila kuwafungulia.

Kisha kuna mzingiro wa 1696 hadi 1698, na hapa ndipo penye uongo mwingi. Kwa kifupi cha mitaani, Waarabu wa Oman waliwazingira Wareno, wakashinda, basi. Ni kweli kwamba majeshi ya Imam wa Oman yalianza kuizingira ngome Machi 1696 na kuingia Desemba 1698, karibu miezi 33. Lakini Waswahili walikuwa pande zote mbili. Tauni ilipoingia ndani na kuwamaliza karibu Wareno wote, mwaka 1697, aliyeshika uongozi wa ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, kutoka kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake na wanawake wa Kiafrika waliokuwa wamekimbilia humo. Walisimama juu ya kuta zile mpaka merikebu za msaada zilipofika. Kwa muda ule ngome ya mfalme wa Ureno ililindwa na watu wa Pwani, wanawake kwa wanaume, dhidi ya kundi ambalo nalo lilikuwa na watu wa Pwani. Anayekuuzia hadithi ya Waarabu dhidi ya Wareno amewatoa babu na bibi zetu nje ya historia yao wenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipia mwongozaji mzuri.

Kati ya meli zilizoletwa na vita hivyo mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotoka chini ya maji vimo kwenye chumba cha maonyesho. Tengeni muda wa chumba hicho. Ziara za haraka hukiruka.

Baadaye ikaja enzi ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman, waliotawala Mombasa kuanzia 1741 hadi Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowaondoa 1837. Nyumba ya Kiomani iliyo ndani ya ngome ina mandhari ambayo ningekaa nayo saa nzima. Mwisho Waingereza wakaifanya ngome kuwa jela, kutoka 1895 hadi 1958. Uchimbuaji na ukarabati ukafuata, kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na jumba la makumbusho likafunguliwa 1962. UNESCO iliiorodhesha ngome 2011.

Jela hiyo, nadhani, ndiyo iliyozaa dhana kwamba Fort Jesus ilijengwa kufungia watumwa. Wapo wanaowaonyesha wageni vyumba vya giza na kusimulia minyororo. Ngome ilijengwa kulinda bandari na njia ya biashara ya Ureno kwenda India. Biashara ya watumwa ilikuwepo Pwani, tena kwa ukatili mkubwa, na ina mahali pake pa kusimuliwa. Nenda mapango ya Shimoni kule kusini. Au vuka daraja la Nyali hadi Kengeleni, kwenye mnara wa kengele wa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Machungu ya watu wale hayahitaji kubandikwa kwenye jengo lisilo lao.

Mji wa Kale hauhitaji gari

Ukitoka langoni mwa ngome umeshafika. Ndia Kuu iko palepale, na vichochoro vyake vingi gari halipiti, kwa hiyo msikubali kutozwa "usafiri wa Mji wa Kale". Ni kwa miguu: milango ya nakshi, baraza za mawe, Msikiti wa Mandhry ambao umekuwepo tangu karne ya 16, Leven House ambapo mmisionari Krapf aliwahi kukaa, bandari ya zamani chini yake. Mwongozaji mzuri wa hapa ni yule anayesalimiana na watu. Huu ni mtaa wa kuishi, kuna watu wamelala mchana, kuna matanga, kuna mama ameanika nguo. Vaeni nguo za stara, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na msikitini msiingie bila mwenyeji kuwaambia.

Msianze kupatana bei kwenye maduka ya vinyago kabla hamjaelewa mpango. Dereva au mwongozaji akiwapeleka kwenye duka fulani, mara nyingi anapewa kamisheni. Si haramu, na wengine wanaitegemea. Lakini ni muda wenu mlioulipia, na mnaweza kusema tangu asubuhi kwamba hamtaki maduka.

Hesabu ya barabara

Gede iko kama kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, karibu na Watamu. Kwa karatasi ni saa mbili. Kwa ukweli wa Nyali, Bamburi na Mtwapa, ambako ujenzi wa kupanua barabara na foleni vimekuwa sehemu ya maisha yetu, inaweza kuwa saa tatu. Mkitoka saa moja asubuhi mtafika saa nne jua likiwa bado na huruma. Bango linaloahidi Fort Jesus, Mji wa Kale, Jumba la Mtwana, Mnarani, Gede na nguzo ya Vasco da Gama ya Malindi, yote siku moja, linauza vioo vya gari. Mtaona kila kitu kikipita.

Ushauri wangu kwa familia yenye wazee na watoto ni kuchagua: ama ngome asubuhi na Mji wa Kale hadi adhuhuri, ama Gede na kituo kimoja njiani. Kituo hicho kiwe Jumba la Mtwana kule Mtwapa, mji wa karne ya 14 wenye msikiti unaotazama bahari, au Mnarani pale Kilifi. Anayetaka kwenda kusini, Shimoni au msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, aulize kama gari litapita kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu, maana kivukoni pekee panaweza kula saa nzima.

Gede na hadithi za majini

Ziara za Gede huuzwa kama fumbo: mji uliopotea, watu waliotoweka usiku mmoja, majini msituni. Nami napenda hadithi za majini, ila Gede ina kitu bora kuliko hicho. Ulikuwa mji wa Waswahili Waislamu wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na nyumba za mawe zenye vyoo na sehemu za kuogea. Kaburi moja lina tarehe ya 802 Hijria, sawa na 1399. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua 1948 na baadaye akasimamia Fort Jesus, aliziita nyumba kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Mabakuli ya China yalifika huku, kilomita chache kutoka baharini, kwa sababu watu wa hapa walikuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Kirkman na wenzake wa wakati ule waliuona mji huu kama kazi ya Waarabu waliohamia. Watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba miji ya namna hii ilikua kutoka kwa jamii za hapahapa, zilizosilimu na kufanya biashara na ng'ambo. Bado utasikia ile ya zamani ikisimuliwa njiani. Muulize mwongozaji kwa upole: na wale wasiokuwa na nyumba za mawe waliishi wapi? Waliokuwa wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na makuti, na ndiyo maana hatuoni kuta zao leo. Jibu lake litakuambia mengi.

Kuhusu kutoweka, mji uliachwa kufikia karne ya 17, na si kwa usiku mmoja. Yanayotajwa ni visima kukauka, biashara kuhama baada ya Wareno kuja, na mashambulizi kutoka kaskazini. Pengine yalikuja pamoja. Mwongozaji anayewapa sababu moja kwa uhakika wa kiapo amerahisisha mno.

Na asiye na pesa ya haya yote? Ziara binafsi haianzi na gari. Langoni pa Fort Jesus kuna waongozaji wenye vitambulisho. Patana naye mmoja kwa saa mbili kabla hujakata tiketi, na kwa saa hizo mbili yeye ni wako. Kwa Gede, panda matatu ya Malindi, mwambie makanga akushushe njia panda ya Watamu, na magofu ni mwendo mfupi kwa miguu au bodaboda. Beba maji, na dawa ya mbu kama mvua imenyesha.